Kuanza na kudumu katika kazi ya uhusiano wa umma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukimuuliza kijana kwa nini anataka kazi ya uhusiano wa umma, mara nyingi atakujibu kwamba anapenda watu, anajua kuongea na haogopi kamera. Si vibaya. Lakini wachangamfu wamejaa kila idara, na hakuna ofisi inayoajiri afisa uhusiano kwa ajili ya uchangamfu peke yake. Inamwajiri kwa sababu iko siku habari mbaya itavuja, mwandishi atapiga simu, mkurugenzi atataka kukana, na lazima awepo mtu mmoja ndani ya jengo anayejua kipi kisemwe, lini, na na nani. Mtu huyo akiaminiwa na mhariri kule nje na bosi huku ndani, kazi anayo. Akiaminiwa na bosi tu, amegeuka mpiga debe. Akiaminiwa na mhariri tu, ofisini watamwita msaliti.

Hatua zilizo hapa chini zinamfuata mtu tangu anapotafuta kazi mpaka anapopanda cheo. Nyingine ni fupi kwa sababu hazina mengi.

Hatua ya 1: Chagua pa kuanzia

Kuna milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni kampuni ya ushauri wa mawasiliano, ile inayohudumia wateja wengi kwa wakati mmoja: asubuhi unaiandikia benki, mchana kiwanda cha dawa, jioni unatafuta ukumbi wa uzinduzi wa simu mpya. Wa pili ni kitengo cha mawasiliano ndani ya taasisi moja, iwe wizara, chuo, hospitali, kampuni au shirika lisilo la kiserikali. Kwenye kampuni ya ushauri utajifunza haraka na kuchoka haraka. Kwenye taasisi utaijua mada moja mpaka mizizi, ila unaweza kumaliza mwaka ukipiga picha za wageni na kuzipandisha mtandaoni.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usianze kuangalia ukubwa wa jina. Uliza mambo mawili kwenye usaili: nani anaandika taarifa kwa vyombo vya habari hapa, na mkuu wa mawasiliano anaripoti kwa nani? Kama taarifa zinaandikwa kwingine na mkuu wa kitengo yuko ngazi tatu chini ya mkurugenzi mtendaji, utakuwa unapamba mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Ofisi ndogo ambayo utaandika kila siku na kumwona bosi ana kwa ana inamfaa anayeanza kuliko jengo refu lenye lifti sita.

Kuhusu shahada: wengi wamesomea uhusiano wa umma au uandishi wa habari, lakini wanasheria, walimu na wahasibu nao huingia, na wakati mwingine huwapita wenzao kwa sababu wanaijua mada. Aliyewahi kufanya kazi chumba cha habari ana mtaji wake wa pekee. Anajua mhariri anatupa nini na kwa nini.

Hatua ya 2: Andika mpaka mhariri akose cha kukata

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuandika. Taarifa, hotuba, majibu ya barua pepe, maelezo ya picha, dondoo za bosi kabla ya mahojiano, hata ujumbe wa kuwaambia wafanyakazi kwamba lifti imeharibika. Anayeandika vizuri husamehewa mengi.

Chukua mfano wa aina ya taarifa zinazotoka kila siku. Mamlaka ya maji imefunga pampu mpya. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Mamlaka ya Maji inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, katika mwendelezo wa jitihada zake za dhati za kuboresha huduma kwa wateja wake wapendwa, imefanikisha zoezi la usimikaji wa pampu ya kisasa katika hafla iliyohudhuriwa na Mwenyekiti wa Bodi..."

Hapo mhariri amekwisha kuifuta. Hajaona mtu, hajaona tarehe, hajaona hata tone la maji. Sasa soma hii:

"Kaya 4,000 za upande wa mashariki zilizokuwa zikipata maji siku mbili kwa wiki zitaanza kuyapata kila siku kuanzia Jumatatu. Pampu mpya iliyofungwa wiki hii inasukuma maji mara mbili ya ile ya zamani. Katika siku tatu za majaribio maji yanaweza kutoka yakiwa na rangi. Wateja wanashauriwa kuyaacha yatiririke kwa dakika chache kabla ya kuyatumia."

Hii ya pili ina watu, ina siku, na ina jambo la kumsaidia msomaji. Ina pia kasoro iliyotajwa waziwazi, yale maji yenye rangi. Rasimu ikipanda kwa wakubwa, sentensi hiyo ndiyo watakayotaka iondolewe. Ipiganie. Ikiondolewa, Jumanne asubuhi watu watapiga picha ndoo zao, na habari itakuwa maji machafu. Pampu hakuna atakayeikumbuka.

Yapo na mambo ya kiufundi. Kichwa kiwe na kitenzi. Aya ya kwanza ijibu nani, nini, lini na wapi, na ya mwisho iwe ile ambayo mhariri akiikata hakuna kinachoharibika, maana ataikata. Ukurasa mmoja unatosha. Nukuu ya bosi isikike kama mtu anaongea: isome kwa sauti, na kama wewe mwenyewe huwezi kuitamka bila kucheka, iandike upya. Usitume taarifa iliyopigwa skani kama picha, kwa sababu mwandishi anataka kunakili maneno, hana muda wa kuyachapa tena. Mwisho weka jina na namba ya simu ya mtu atakayepokea kweli. Taarifa nyingi mno zina namba ya mezani ambayo jioni hulia ofisini peke yake.

Kama hujapata kazi bado, zoezi lipo. Tafuta kila siku taarifa ya taasisi yoyote, iandike upya kwa maneno 100, halafu angalia kesho yake magazeti yameitumiaje. Baada ya muda utaanza kukisia sawasawa na wahariri.

Hatua ya 3: Kuwa mtu ambaye mwandishi anampigia wa kwanza

Orodha ya barua pepe za waandishi mia mbili haina thamani kubwa. Wenye thamani ni waandishi kumi ambao umesoma kazi zao, unajua wanaandika nini, na unajua saa ambazo hawataki kusumbuliwa. Habari ya kilimo usiitume kwa mwandishi wa michezo ukisindikiza na maneno "huenda ikakufaa". Habari njema itume asubuhi, kabla dawati halijapanga kurasa. Ukipiga jioni wakati wanafunga gazeti, hata habari nzuri inakuwa kero.

Kuna simu ambayo kila afisa uhusiano ataipokea. Ni saa kumi na moja jioni, mwandishi yuko upande wa pili:

"Habari za jioni, dada. Tumesikia mmewasimamisha kazi watu wa stoo kwa wizi. Tunafunga ukurasa saa moja."

Usijibu papo hapo, hata kama jibu unalo. Kwanza uliza: umesikia nini hasa, unahitaji nini kutoka kwetu, dakika ya mwisho ni ipi? Usimbane kuhusu chanzo chake, hatakitaja na utakuwa umejionyesha una hofu. Mwambie, "Nitakupigia saa kumi na mbili na nusu." Kata simu, thibitisha kwa mkuu wa rasilimali watu, pata idhini ya maneno mawili matatu, halafu mpigie kabla ya saa uliyoahidi, hata kama unachoweza kusema ni kwamba uchunguzi unaendelea na watuhumiwa hawajasikilizwa. "Hatuna la kusema" epuka kabisa, kwa sababu msomaji huisoma kama kukiri.

Kinachomjenga mtu hapa ni kupiga simu saa aliyosema. Mwandishi atasahau jibu lako lilikuwa fupi. Hatasahau kwamba uliahidi ukatoweka.

Makubaliano kuhusu kunukuliwa yafanyike kabla hujafungua mdomo. Ukishasema, kisha ukaongeza "hilo usiliandike", umechelewa. Akikukubalia ni hisani yake tu. Usiombe kuisoma habari kabla haijachapwa. Unaweza kuomba ahakiki takwimu au nukuu yako, na wengi watakubali kwa sababu nao hawataki kukosea. Habari ikitoka na kosa, anza na mwandishi mwenyewe, kwa lugha ya heshima na ushahidi mkononi. Ukiruka moja kwa moja kwa mhariri mkuu utapata masahihisho ya mistari miwili na adui wa muda mrefu.

Na bahasha? Usitoe. Najua iko mahali pengi duniani na inaitwa nauli, inaitwa chakula cha mchana, inaitwa majina mengine ya upole. Mwandishi uliyemnunua leo atanunuliwa kesho na mshindani wako, na siku una habari ya kweli inayojitegemea hutajua kama imechapwa kwa uzito wake au kwa uzito wa bahasha.

Hatua ya 4: Ijue ofisi yako kwa miguu

Wiki za kwanza usikae kwenye meza yako. Kaa huduma kwa wateja usikilize simu za malalamiko. Nenda ghalani, nenda na madereva, muulize mhasibu akufafanulie hesabu zilizokaguliwa mstari kwa mstari mpaka uelewe faida imetoka wapi na deni ni la nani. Malalamiko yanayojirudia kwenye simu za wateja leo ndiyo habari ya gazetini baada ya miezi michache. Afisa uhusiano anayeyajua mapema anaweza kuyapeleka juu yangali madogo, na hapo ndipo wakubwa wanapoanza kumwita kwenye vikao ambavyo zamani alikuwa anapewa matokeo yake tu.

Hatua ya 5: Mwambie bosi asichotaka kusikia

Historia ya kazi hii ina mfano mzuri mapema kabisa. Mwaka 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilianguka kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani. Desturi ya kampuni za reli wakati huo ilikuwa kuficha ajali. Mshauri wao, Ivy Lee, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, aliwashawishi wafanye kinyume: watoe taarifa wenyewe na wawapeleke waandishi eneo la ajali. Taarifa ile hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake. Kilichokuwa kigumu hakikuwa kuiandika. Kigumu kilikuwa kuwakalisha wenye reli mpaka wakubali.

Namna ya kusema ina ufundi wake. Usimpinge mkurugenzi mbele ya wasaidizi wake. Hata akijua una haki, atatetea heshima yake kwanza. Mfuate kabla ya kikao:

"Mkurugenzi, naomba dakika tano. Waandishi watatu wameulizia ripoti ya ukaguzi, na mmoja amenisomea aya nzima, kwa hiyo wanayo. Tukikana leo, kesho wataichapa, na kukana kwetu ndiko kutakuwa kichwa cha habari. Naona njia mbili: tuitoe wenyewe mchana huu pamoja na hatua tulizokwisha kuchukua, au tukubali kwamba ipo na tuahidi kuizungumzia Ijumaa baada ya bodi. Mimi napendekeza ya kwanza. Mwanasheria nimeshaongea naye, wasiwasi wake uko ukurasa wa sita tu."

Angalia alivyopanga maneno. Ametanguliza ukweli uliopo na kuweka maoni yake nyuma. Ameonyesha gharama ya kile ambacho bosi huenda alitaka kufanya, bila kumwambia kwamba anakosea. Ameleta njia mbili, akachagua moja. Na amekwisha kupita kwa mwanasheria, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo bosi angelitumia kuahirisha. Wengi hufika na tatizo na uso wa huzuni, halafu wanashangaa kwa nini hawasikilizwi.

Bosi akikataa, na jambo lenyewe ni la ladha au mkakati, tekeleza anachotaka na umwandikie barua pepe fupi ya kumbukumbu inayosema mlichozungumza. Iandike kwa adabu, isisikike kama mtego. Bosi akitaka useme uongo, hilo ni jambo jingine, nitalifikia.

Kazi nyingine isiyopendeza ni kumfanyisha mazoezi kabla ya mahojiano. Kaa naye nusu saa, washa kamera ya simu, muulize maswali mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria, kisha mwonyeshe alivyoonekana. Aprili 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Wafanyakazi 11 walikufa na mafuta yakamwagika baharini kwa wiki nyingi. Mwishoni mwa Mei, mkuu wa BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa ikiutumia mtambo huo, Tony Hayward, aliomba radhi mbele ya kamera, kisha akaongeza kwamba anatamani kurudishiwa maisha yake. Aliyasahau maisha 11 yaliyokwisha kwenda. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka kwenye kiti. Maneno kama hayo hutokana na uchovu na kujionea huruma, na chumba cha mazoezi ndipo mahali salama pa kuyatapika.

Hatua ya 6: Jiandae kwa siku ya balaa kabla haijafika

Faili la dharura liandaliwe siku tulivu. Ndani yake kuwe na namba za simu za usiku za wakubwa wote, jina la atakayeidhinisha taarifa endapo mkurugenzi yuko angani, nywila za akaunti za mitandao zilizo mikononi mwa watu wasiopungua wawili, na rasimu tupu za taarifa kwa majanga yanayowezekana kwenye shughuli zenu. Lifanyieni majaribio. Faili ambalo halijawahi kujaribiwa huwa na namba za watu waliokwisha kuacha kazi.

Balaa likitokea, saa ya kwanza huna majibu, lakini una mambo ya kusema. Tuseme ghala limeshika moto:

"Moto umezuka saa nane mchana katika ghala letu la pili. Zimamoto wako eneo la tukio. Tunahakiki majina ya wafanyakazi wote waliokuwa zamu. Familia zao zinaweza kupiga namba hii muda wowote. Chanzo cha moto hakijajulikana na hatutakikisia. Tutatoa taarifa nyingine saa kumi kamili."

Hapo hakuna sentensi ya kujisifu kuhusu viwango vya usalama, na hakuna lawama kwa mtu. Kuna kile kinachojulikana, kisichojulikana, na saa ya taarifa inayofuata. Ifikapo saa kumi toeni hiyo taarifa, hata kama mabadiliko ni madogo. Wakiwapo waliofariki, wafiwa waambiwe kwanza, tena ana kwa ana, kisha wafanyakazi, kisha ndipo vyombo vya habari. Hakuna anayesamehe kusoma jina la mumewe kwenye simu.

Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, na una sababu ya kufundishwa. Mwishoni mwa Septemba 1982 watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya dawa hiyo vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana. Johnson & Johnson, kampuni yenye dawa hiyo, haikuwa imetia sumu, na ingeweza kujificha nyuma ya ukweli huo. Badala yake iliwaonya watu nchi nzima waache kutumia dawa ile na kuondoa madukani takriban chupa milioni 31, hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kabla mwaka haujaisha dawa ilirudi sokoni ikiwa na vifungashio vinavyoonyesha kama vimeguswa. Wanaoitaja kesi hii husifu mawasiliano, lakini kilichoiokoa kampuni ni chupa zilizoondolewa. Taarifa nzuri isiyo na kitendo nyuma yake hudumu siku mbili.

Kwa upande wa pili kuna United Airlines. Aprili 2017 abiria alikokotwa kwa nguvu kutoka kwenye ndege yao huko Chicago, na video zikasambaa. Mkuu wa kampuni, Oscar Munoz, aliomba radhi kwa kulazimika "kuwapangia upya" abiria, na barua yake kwa wafanyakazi, iliyovuja mara moja, ilimlaumu abiria. Radhi ya maana ilikuja siku iliyofuata, kwa kuchelewa. Mwezi mmoja tu kabla, jarida la PRWeek lilikuwa limemtunuku Munoz kama mwasiliani bora wa mwaka. Tuzo hazimlindi mtu.

Februari mwaka 2018 ilikuwa zamu ya KFC nchini Uingereza. Walibadilisha msafirishaji, kuku wakakwama, na mamia ya migahawa ikafungwa. Mgahawa wa kuku usio na kuku! Walilipia tangazo la ukurasa mzima magazetini lenye ndoo yao tupu, herufi za jina lao zikiwa zimepanguliwa zikasomeka kama tusi wanalojipa wenyewe, na chini yake radhi ya moja kwa moja. Watu walicheka na kusamehe. Lakini angalia vizuri kabla hujaiga: hakuna aliyeumia. Penye damu, utani haugusi.

Radhi yenyewe ina viungo vitatu: tulichofanya, tuliyemwumiza, tunachofanya sasa. "Samahani kama kuna aliyekwazika" haina hata kimoja.

Hatua ya 7: Mitandao ya kijamii

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu majukwaa hubadilika kila kukicha. Jibu malalamiko hadharani mara moja, kisha mpeleke mtu kwenye ujumbe wa faragha kwa maelezo yake. Usifute maoni ya kukosoa, ila matusi na chuki. Usibishane usiku. Na si kila kelele ni balaa. Kabla hujamwamsha mkurugenzi, angalia wanaopiga kelele ni wateja wenu au ni akaunti chache zinazorudia maneno yale yale. Kutafuta kiki kwa makusudi huleta watazamaji wa siku moja. Ukitaka kujua faida yake, uliza wiki inayofuata wangapi walinunua.

Hatua ya 8: Pima kinachopimika

Ripoti za mwezi zenye vipande vya magazeti vilivyokatwa na kupimwa kwa bei ya matangazo bado zinapendwa, kwa kuwa hutoa tarakimu kubwa: "habari hii ingekuwa tangazo, tungelipa kiasi hiki". Mwaka 2010, katika mkutano wa wataalamu wa upimaji huko Barcelona, zilikubaliwa kanuni saba, na mojawapo ilisema wazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano wa umma. Habari ya kukuponda nayo ina eneo kubwa ukurasani.

Anza na lengo kabla ya kampeni. Kama mlitaka wakulima wajisajili, hesabu waliojisajili na uwaulize walisikia wapi. Kama mlitaka malalamiko ya bili yapungue, linganisha simu za mwezi uliopita na za mwezi huu. Takwimu ndogo ya kweli humshawishi mkuu wa fedha kuliko rundo la vipande vya magazeti, na mkuu wa fedha ndiye anayekata bajeti yako.

Hatua ya 9: Jua mstari wako uko wapi

Yule yule Ivy Lee wa mwaka 1906, miaka minane baadaye alifanya kazi kwa familia ya Rockefeller wakati wa mgomo wa wachimba makaa wa Colorado. Taarifa alizosambaza zilikutwa na takwimu za uongo kuhusu malipo ya viongozi wa mgomo, na mwandishi Upton Sinclair akambandika jina "Poison Ivy" lililomfuata mpaka kaburini. Alichosifiwa nacho kilikuwa ukweli, na kilichomchafua kilikuwa takwimu ambazo hakuzihakiki.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Bell Pottinger, kampuni ya London iliyokuwa na wateja wakubwa duniani. Ilifanya kazi kwa Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta nchini Afrika Kusini, na kampeni hiyo ikashutumiwa kwa kuchochea mgawanyiko wa rangi. Septemba 2017 chama cha kitaaluma cha Uingereza, PRCA, kiliifukuza. Wateja walikimbia, na mwezi huo huo kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Waliokuwa wakifanya kazi idara nyingine kabisa, hawajui lolote kuhusu mteja yule, nao walipoteza ajira.

Amua mapema ambayo hutafanya: akaunti bandia, ushuhuda wa mteja asiyekuwapo, picha iliyotengenezwa na kompyuta ikaitwa tukio halisi, takwimu ambayo hukuiona chanzo chake. Ukiombwa, sema hapana kwa sababu za kazi kwanza: itagundulika, na itagharimu zaidi. Wakiendelea kukusukuma, tafuta kazi nyingine kimyakimya, na uondoke kabla jina lako halijawa chini ya taarifa hiyo. Wahariri wana kumbukumbu ndefu.

Hatua ya 10: Kupanda

Weka faili la kazi zako tangu siku ya kwanza. Usihifadhi picha ukiwa na watu mashuhuri. Hifadhi kazi yenyewe ikiwa na maelezo mafupi: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, kilitokea nini. Kwenye usaili wa cheo cha juu watakuuliza kuhusu siku mbaya kuliko kuhusu tamasha, kwa hiyo kuwa na angalau balaa moja unayoweza kuisimulia bila kutoa siri.

Jiunge na chama cha wanataaluma kama kipo ulipo. Kuna vya kitaifa kama PRSA ya Marekani, iliyoanza mwaka 1947, na kuna IPRA ya kimataifa, ya mwaka 1955. Faida kubwa haiko kwenye cheti. Iko kwenye watu wa ofisi nyingine unaoweza kuwapigia na kuuliza, "Nyinyi mlifanyaje?" Ongeza lugha ya pili ya kazi, jifunze kusoma hesabu za kampuni, na jifunze kuendesha timu, maana wengi hukwama hapo: wanaandika vizuri mno kiasi kwamba hawawezi kumwachia mtu mwingine rasimu.

Mshahara ujadili kwa matokeo uliyoyapima kwenye hatua ya 8, kabla bajeti haijapangwa. Kuujadili baada ya kampeni kwisha ni kupoteza muda. Wakati huo kila mtu ameshaanza kuisahau.

Na ukihama ofisi, waandishi unaofahamiana nao watakufuata kwa hiari yao. Rasimu ambazo hazikutoka, mipango ya wateja na nywila ziache pale pale, na umkabidhi anayekupokea lile faili la dharura likiwa na namba zinazofanya kazi.